Teksi za Dodoma zimfikishe mgeni shambani

Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, mgeni wa shughuli ya siku moja hubakiwa na saa tatu nne kabla ya kurudi Dar es Salaam. Nyingi huishia kwenye kiti cha hoteli. Roma, dereva angeshazigeuza fedha: gari dogo, wageni wawili watatu, bei inatajwa kabla ya kuondoka.

Jengo la Bunge na Msikiti wa Gaddafi havihitaji safari ndefu. Michoro ya Kolo, Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, iko mbali mno kwa mzunguko huo. Kinachoweza kulipa ni zabibu. Huvunwa mara mbili kwa mwaka na huharibika upesi, hivyo mkulima wa Mpunguzi asiye na mkataba na kiwanda hukubali bei ya mnunuzi yeyote anayetangulia. Mgeni aliyechuma mwenyewe habishani sana na bei. Hatamaliza shamba, ni kweli, ila hulipa papo hapo.

Dereva na mkulima wakubaliane mapema mgawo wao, mgeni asitozwe kiingilio asichoambiwa stesheni. Wanaweza kuanza na mashamba mawili tu ya jirani na lami, yenye kivuli na choo.