Itashika Tu

Kuna maneno mawili yanayofaa kupigwa marufuku katika kila kibanda cha fundi kutoka Kondele hadi Kisian: "itashika tu". Unayajua. Fundi amefungua injini ya pikipiki, ametoa pistoni, ameipangusa na kitambaa kilicholowa petroli, ametia ringi mpya ndani ya silinda kuukuu, na ukimuuliza kama zimekaa sawa anakuangalia kana kwamba umemuuliza umri wa mama yake. Itashika tu, siste. Itembeze kidogo utaona.

Haishiki. Na anayelipia kutoshika kwake si yeye.

Mimi naishi Otonglo, pale barabara ya Busia inapouacha uwanja wa ndege wa Kisumu nyuma. Nina pikipiki moja, Boxer 150, na binamu yangu ndiye anayeiendesha kazini. Ndani ya mwaka mmoja ilitiwa ringi mara tatu kwenye kibanda ambacho sitakitaja jina, na mara zote tatu ilianza tena kutoa moshi wa buluu kabla ya miezi minne kwisha. Mara ya nne tuliifungua wenyewe, barazani kwangu, juu ya gunia. Hiyo ni miaka miwili sasa. Tangu hapo, kila nikisema kwamba nimefunga pistoni nyumbani, napata jibu moja kati ya mawili, na yote mawili yananipandisha damu.

Jibu la kwanza: si ungechukua mpya kwa mkopo? Hili nalipitia haraka kwa sababu halistahili muda. Pikipiki yenye fremu nzima, gia nzima, magurudumu mazima, inakufa kwa sababu ya tundu moja lenye kipenyo cha milimita 56. Ati kwa ajili ya tundu hilo niingie deni la kulipwa kila siku, Jumapili na Krismasi zikiwemo, mvua inyeshe isinyeshe? Bana, hapana. Neno lenyewe bodaboda lilizaliwa mwisho wa barabara hii hii, Busia, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka. Ile ilikuwa kazi ya mtu na chombo chake. Siku hizi tunaigeuza kazi ya mtu na chombo cha mkopeshaji, halafu tunaita maendeleo.

Jibu la pili ndilo zito: peleka kwa wanaojua. Sawa. Lakini kujua ni nini?

Tuanze na silinda yenyewe, maana ndiyo inayosingiziwa. Pistoni haipandi na kushuka tu. Konrodi inapoisukuma, inaiegemeza upande mmoja wa ukuta kuliko mwingine. Kwa hivyo silinda iliyofanya kazi miaka mitano haibaki mviringo. Inakuwa yai. Tena haichakai sawa juu na chini: sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, ndiko kuna moto mkali na oili chache, na huko ndiko ukuta unaliwa zaidi, mpaka ukipitisha kucha unasikia kingo ndogo. Sasa chukua ringi mpya, duara safi kutoka kiwandani, uitie ndani ya yai. Itagusa hapa, itaacha pale. Pale inapoacha, oili inapanda na kuungua, na hewa iliyobanwa inateremka chini. Ile kingo ya juu nayo inaweza kuigonga ringi mpya hadi ivunjike. Ringi mpya haiponyi silinda mbovu hata ukiinunua ya dhahabu.

Hili si jambo jipya hata kidogo. James Watt alipata wazo lake kuhusu injini ya mvuke mwaka 1765, akalisajili mwaka 1769, na bado kwa miaka hakuwa na injini kubwa inayofanya kazi inavyopaswa. Wazo lilikuwa zima. Silinda ndizo hazikuwa mviringo. Mvuke ulivuja pembeni mwa pistoni, na watu walijaribu kuziba kwa vitambaa na chochote walichokipata, yaani "itashika tu" ya karne ya 18. Aliyemwokoa ni John Wilkinson, mfua chuma aliyebuni mwaka 1774 mashine ya kutoboa mizinga ya vita, kisha akatumia maarifa hayo hayo kuchonga silinda. Matthew Boulton, mshirika wa Watt, aliandika kwa furaha kwamba silinda ya Wilkinson yenye upana wa inchi 50 haikupotoka hata kwa unene wa shilingi kuukuu. Shilingi! Waingereza walipimia mapinduzi yao ya viwanda kwa shilingi, na sisi wa Otonglo, mahali penye jina ambalo kwa Kijaluo ni senti kumi, tunaambiwa kupima ni mambo ya matajiri.

Basi nikuonyeshe bei ya kupima.

Dukani kuna kijitabu cha vipande vyembamba vya chuma ambacho mafundi hukiita fila. Kila kipande kimeandikwa unene wake: 0.10, 0.20, 0.30. Mimi nilinunua changu kwa shilingi mia nne na hamsini. Chukua ringi mpya, itie ndani ya silinda yako, isukume kwa kichwa cha pistoni iliyopinduliwa ili ikae sawa bila kulala upande. Ringi ina mwanya mahali ncha zake zinapokutana. Huo ndio unaoupima. Kanuni ya zamani ya mafundi wa injini inasema mwanya uwe elfu nne za inchi kwa kila inchi ya kipenyo. Kwa milimita 56 hiyo inakuja kama 0.22 ya milimita. Usipungue sana hapo, kwa sababu ringi ikipata moto inarefuka, na ncha zikigongana inakwama na kukwangua ukuta.

Ila utamu wenyewe uko hapa. Pima mwanya huo chini kabisa ya silinda, mahali ambapo ringi hazifiki na ukuta bado ni ule wa kiwandani. Kisha isukume ringi ile ile hadi karibu na juu, chini kidogo ya ile kingo, upime tena. Sisi tulipata 0.30 chini na 0.70 juu. Tofauti ni 0.40. Kwa kuwa mwanya unafunguka kadiri mzunguko unavyokua, gawanya kwa 3.14: silinda ilikuwa imepanuka juu kwa karibu 0.13 ya milimita. Nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na ukuta kwenye injini ndogo kama hii ni nyembamba kuliko unywele wako. Sisi tulikuwa tumeongeza hapo unywele mzima na nusu ya mwingine. Ringi za mara tatu zote zilikuwa zimemwagwa kwenye shimo hilo, na hesabu iliyotuambia hivyo ni ya darasa la saba.

Dakika kumi. Shilingi mia nne na hamsini, na kijitabu ninacho hadi leo. Kimeshapima pikipiki za nusu ya mtaa.

Sasa, siwachukii mafundi. Nimewakalia vibandani vya kutosha kujua kwamba wengi wao wana mikono ambayo mimi sina. Tatizo liko kwenye kile tunachokubali kulipia. Mteja anaona ringi, anaigusa, analipa. Mteja haoni kipimo. Fundi akisema "nipe mia tatu nikupimie silinda kwanza", tunanong'ona kwamba huyu ameanza ujanja, tunavuka barabara hadi kwa yule atakayesema itashika. Kwa hivyo anayepima anapoteza wateja, na asiyepima anapata mteja yule yule mara tatu kwa mwaka. Hapo sioni uvivu wa fundi. Naona soko, na soko hilo tumelijenga sisi wenyewe kwa kuomba bei ipunguzwe mahali pasipostahili.

Na wenye pikipiki, ninyi mnaokaa ofisini na kupokea yenu kila jioni, nanyi nina neno lenu. Ni ninyi mnaosema "weka ringi tu kwa sasa". Mnaokoa elfu mbili. Dereva anapoteza siku mbili za kibanda, kisha wiki za kupanda Riat na abiria wawili kwa gia ya kwanza huku moshi ukimfukuzia wateja, kisha siku nyingine mbili za kibanda. Siku hizo hamumlipi. Anakula kwa Fuliza. Deni la silinda yenu limehamia kwenye simu yake, na mnashangaa kwa nini anawakwepa.

Turudi kwenye gunia. Kubana matumizi kunawezekana kabisa, mradi ujue pa kubania. Usinunue spana za kung'aa, azima. Gasketi za seti nzima si lazima ukifungua sehemu ya juu peke yake. Kichwa cha pistoni kisugue kwa mikono yako. Lakini kuna mambo ambayo hayajadiliwi. Kwanza, kabla hujatumia hata shilingi, shika konrodi uivute juu na chini. Ikicheza kushoto na kulia kidogo, hiyo ni kawaida. Ikicheza juu na chini, funga mkoba; pistoni mpya hapo ni pesa ya kuchoma, shida iko chini kwenye krankshafti. Pili, ukishajua silinda imeliwa, nunua pistoni ya saizi inayofuata, 0.25 au 0.50, KABLA ya kwenda kwa fundi wa lethi. Mpelekee silinda na pistoni pamoja achonge moja kwa kipimo cha nyingine. Ukimpelekea silinda peke yake ukamwambia "toa 50", umemwambia akisie. Tatu, zile saklipu ndogo zinazoshika pini ya pistoni ziwe mpya. Moja iliyolegea ikichomoka injini ikiwa kwenye mwendo, inachimba mtaro kwenye ukuta uliotoka kuulipia. Na uzibe mdomo wa injini kwa kitambaa unapozitia, maana zina tabia ya kuruka, na haziruki kwenda nje.

Halafu kuosha. Hapa ndipo nagombana hata na marafiki. Silinda ikitoka kuchongwa ina vumbi la jiwe la kusugulia limejificha kwenye ile mikwaruzo ya kukatana. Kila mtu anaipangusa na petroli. Petroli haitoi vumbi hilo, inalilainisha njia tu. Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi, kama unaosha sufuria ya ugali ulioungua. Kausha, paka oili hapo hapo kabla kutu haijaanza, pangusa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka kijivu, rudia. Sisi tulirudia mara nne na binamu yangu akaniuliza kama nataka kuipikia wageni.

Kufunga kwenyewe ni rahisi kuliko unavyotishwa. Alama ya pistoni iangalie upande unaotakiwa: IN kwa kabureta, au mshale kwa ekzosi. Herufi za ringi ziangalie juu. Mianya ya ringi usiipange mstari mmoja. Izungushe, kila mmoja upande wake. Oili ya kutosha, vidole vya watu wawili kubana ringi, silinda inateremka taratibu. Ikikataa usilazimishe. Ringi ni chuma cha kukatika, haina subira.

Na kichujio cha hewa! Kama ni kile cha sponji kilichotoboka, na barabara zako za ndani ni murram, basi ile silinda ilisagwa na vumbi na itasagwa tena. Nimeona watu wakitia pistoni mpya ya elfu mbili na kurudisha sponji iliyoliwa na panya kwa sababu mpya ni mia mbili. Sina maneno.

Mwisho, lile somo la kuiwasha na kuiacha ingurume kutwa nzima mahali pamoja ati ijizoeshe. Nani alitufundisha hili? Ringi zinasukumwa ukutani na nguvu ya moshi unaopita nyuma yake, na injini inayonguruma bila mzigo haina nguvu hiyo. Unaisugua bila kuikalisha. Iendeshe: mafuta juu, mafuta chini, bila abiria wawili, bila mwendo mmoja wa kudumu. Sisi tulikwenda Kisian na kurudi, Kisian na kurudi, mara tano jioni ile. Oili ya kwanza tuliimwaga baada ya siku tatu tu, kwenye beseni jeupe, tukaipeleka juani. Ilikuwa na mng'ao mdogo wa fedha, kama rangi ya magamba ya omena. Mng'ao huo ni wa kawaida. Ukikuta vipande, zima na ufungue tena.