Ghorofa la Magari Halitaifungua Mwanjelwa

Mbeya ukitaja foleni tu, jibu liko tayari: Mwanjelwa ijengewe ghorofa la kuegesha magari. Wanalisema wenye magari, na hata abiria wa bajaji, ambaye hatapaki humo maisha yake yote, anaitikia. Mimi naliona ni njia ghali ya kukwepa kazi rahisi.

Pita Mwanjelwa saa tatu asubuhi, utazame magari yaliyojipanga mbele ya maduka ya jumla. Mengi si ya wateja. Ni ya wenye maduka wenyewe: wamewahi, wamepaki mlangoni, na hapo gari litashinda hadi jioni. Anayetoka kidogo anaacha tairi bovu au kiti cha plastiki kulinda "nafasi yake", na barabara ni ya umma! Kirikuu cha viazi kutoka Uyole kikifika hakina pa kusimama, kwa hiyo kinasimama katikati ya njia. Vijana wanashusha magunia, bajaji zinapiga honi, daladala ya nyuma inajaribu kuchomeka upande wa pili, na huko nako kuna meza za nyanya. Foleni yenyewe ndiyo hiyo. Ghorofa lijengwe mtaa wa pili, mwenye duka atalifuata la nini ilhali mlangoni pake anakaa kutwa nzima kwa bei ya mteremko?

Gari moja ndani ya jengo la namna hiyo, ukihesabu na njia za kupandia na kugeuzia, hula mita za mraba 25 hadi 30. Zege lote hilo atalipa nani? Ikiwekwa bei ya kurudisha mkopo, wenye magari watabaki barabarani. Ikiwekwa bei ya kuwapendeza, muuza nyanya aliyekuja kwa daladala ndiye atakayewalipia kupitia ushuru wake.

Na mikopo ya majengo tunaijua. Soko la Mwanjelwa liliteketea Desemba 2006. Lililofuata lilijengwa kwa mabilioni ya mkopo wa benki, likachukua miaka, na lilipokuwa tayari wafanyabiashara wakalalamikia kodi.

Huko Marekani, ambako magari yamepewa kila kitu, profesa wa mipangomiji Donald Shoup aliandika mwaka 2005 kitabu kizima kuhusu hasara ya maegesho ya bure. Ushauri wake ni mwepesi: ushuru uwe wa kiasi cha kuacha nafasi moja au mbili wazi kila mtaa.

Hilo Mwanjelwa linahitaji rangi, vibao na mkusanya ushuru asiyeogopa matajiri. Mizigo ishushwe alfajiri, mbele ya maduka ya jumla pabaki kwa kirikuu na Fuso, mteja wa nusu saa alipe kidogo. Anayetaka kuliacha gari mlangoni kutwa alipe kama anayepanga fremu.