Miezi Baina ya Mtihani na Chuo

Mtihani wa kidato cha nne humalizika Novemba, matokeo hutoka Januari, na vyuo huwapokea wanafunzi wapya Agosti au Septemba. Hesabuni, mama zangu: ni kama miezi tisa, muda wa mimba kamili, na kijana hana kazi wala darasa.

Mama mmoja alinijia baada ya sala ya Alasiri akitaka mwanawe asomewe dua. Kijana amepata C-, hulala hadi adhuhuri, jioni yuko maskani na watafuna muguka, na mama anachelea kuwa kitakachofuata ni unga. Dua nilimsomea. Kisha nikamwuliza kijana mbona hajaomba nafasi ya chuo. Akanijibu, "Sheikh, mimi sikupata C+. Kwangu kumekwisha."

Hakuna aliyemweleza kwamba C+ ni kiwango cha shahada tu; C- yake yatosha kwa stashahada, na hata mwenye D hupata kozi ya cheti. Kwao ni Tudor, jirani na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, naye hajapata kuvuka lango lake. Wala hakujua kwamba chuo hicho kilianza kwa jina la MIOME, kikaasisiwa makusudi ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wasome ufundi.

Tangu hapo, mara mbili kwa juma baada ya Isha, madrasa yetu huwakalisha vijana kama yeye. Huelekezwa maombi ya KUCCPS, hufuatilia vitambulisho, husoma waraka wa karo mstari kwa mstari. Suala la mkopo wa HELB na riba yake nalo huulizwa mapema, wakati njia nyingine bado yaweza kutafutwa.

Usiku ninaouthamini zaidi ni ule anapokuja mwanachuo wa mtaa wetu aliyeanguka somo muhula wa kwanza, akalirudia, akaendelea. Wapo wanaoacha chuo kwa aibu ya kuanguka mara moja, kwa kuwa hawajamwona wa kwao aliyeanguka akainuka. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alitupwa kisimani, akauzwa, akafungwa. Kisha akapanga akiba ya miaka saba kabla ya njaa kufika. Subira yake ilikuwa na kazi ndani yake. Yetu mara nyingi ni kukaa.

Kijana yule sasa huamka alfajiri. Lakini jina katika cheti chake cha kuzaliwa halilingani na la cheti cha shule, na marekebisho hayo yanataka muda. Vitazameni vya wanenu usiku wa leo.