Kura ya kijiji: Karatasi ikikosewa, mkulima ndiye hulipa

JUMAPILI ya Desemba 14, 2014, Watanzania walipiga kura kuchagua wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa. Siku tatu baadaye, aliyekuwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Waziri Mkuu, Tamisemi, Hawa Ghasia, alitangaza adhabu kwa wakurugenzi wa halmashauri walioboronga uchaguzi huo.

Sita walitenguliwa uteuzi wao. Watano walisimamishwa kazi kupisha uchunguzi, na wengine walipewa onyo. Katika orodha ya waliosimamishwa, wawili walitoka mkoa mmoja wa Manyara, tena wilaya jirani: mkurugenzi wa Hanang na mwenzake wa Mbulu.

Makosa yaliyotajwa kitaifa hayakuwa ya wizi wa kura. Vifaa vilichelewa kuandaliwa na kufika vituoni, karatasi za kura zilichapwa zikiwa na kasoro, na baadhi ya watendaji walizembea. Katika baadhi ya maeneo ya nchi kura ililazimika kurudiwa wiki iliyofuata.

Wapo waliochukulia tukio hilo kama habari ya siasa na kuisahau mvua zilipoanza kunyesha. Lakini kwa mkulima wa vitunguu swaumu kule Bashay, mfugaji anayepeleka ng'ombe mnadani Katesh au mfanyabiashara wa maharage pale Dongobesh, uchaguzi huo unagusa mfuko wake kuliko ule wa rais na wabunge.

Sababu ni kwamba mbunge hagawi shamba. Serikali ya kijiji ndiyo inayogawa.

Nguvu ya muhtasari

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea.

Mkulima akitaka hati miliki ya kimila, maombi yake huanzia hapo. Akigombana na jirani juu ya mpaka, shauri linaanzia baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, wakiwemo wanawake wasiopungua watatu. Majina ya wajumbe hao hupendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuidhinishwa na mkutano mkuu.

Mfanyabiashara mdogo naye hayuko nje. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikiwemo za michango na ushuru wa gulio, baada ya mkutano mkuu kuzijadili na halmashauri ya wilaya kuziidhinisha. Kikundi cha vijana, wanawake au watu wenye ulemavu kikitaka mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, utambulisho wake unaanzia kijijini au mtaani. Hata mbolea ya ruzuku iliyoanza kutolewa msimu wa 2022/23 ilimtaka mkulima aandikishwe kwanza kijijini kwake.

Kwa ufupi, karatasi nyingi zenye thamani kwa mkulima zina muhuri wa kijiji. Muhuri huo ukiwa mikononi mwa uongozi ambao nusu ya kijiji haiutambui, kila muhtasari unakuwa na mtu wa kuupinga. Mnunuzi wa shamba anasita, mkopeshaji anauliza maswali, na mgogoro wa mpaka uliokuwa wa kumalizwa chini ya mti unakwenda kumalizwa kwa wakili.

Somo la Mulbadaw

Wananchi wa Hanang wanajua gharama ya karatasi isiyokamilika. Katika tambarare za Basotu, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO) lilianzisha mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Canada. Mashamba hayo yakafika saba, na yalichukua malisho na mashamba ya wenyeji, hasa Wabarbaig.

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walilifikisha shirika hilo mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua kwa sehemu kubwa. Moja ya sababu ni kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi hiyo na mamlaka ya wilaya kwa utaratibu uliowekwa.

Watu walikuwapo, ng'ombe walikuwapo na makaburi ya wazee yalikuwapo. Kilichokosekana ni karatasi.

Upande wa Mbulu upo mfano wa kinyume chake. Mwaka 2011, katika bonde la Yaeda, Wahadzabe walipata hati za kimila za pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000. Kwa kuwa mipaka na umiliki vilikuwa wazi, vijiji vya Mongo wa Mono na Domanga viliweza kuingia katika biashara ya hewa ukaa kwa kutunza misitu yao. Fedha za mauzo hayo zimesaidia huduma za kijamii, zikiwemo elimu na matibabu.

Tofauti ya Mulbadaw na Yaeda ina mambo mengi ndani yake, pamoja na kubadilika kwa sheria. Lakini moja ni dhahiri: serikali ya kijiji yenye kumbukumbu zilizonyooka ni mtaji, sawa na plau au mbegu bora. Na kumbukumbu hizo huanza na namna viongozi wenyewe walivyopatikana.

Kutoka vifaa hadi fomu

Nchi kama Marekani huchagua wabunge katikati ya kipindi cha rais, na matokeo hupima upepo wa siasa. Tanzania haina uchaguzi wa bunge wa namna hiyo. Kura inayokuja kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine ni ya serikali za mitaa, na hufanyika mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Ndiyo maana vyama huigombania kwa nguvu: mwenyekiti wa kitongoji wa leo ndiye mpiga debe wa mwakani.

Mwaka 2014, pamoja na vurugu za vifaa, ushindani ulikuwapo. CCM ilipata karibu vijiji vinane katika kila kumi, na vilivyobaki vilikwenda kwa wapinzani.

Mwaka 2019 mgogoro ulihama kutoka kituo cha kura kwenda meza ya fomu. Maelfu ya wagombea wa upinzani walienguliwa hatua ya uteuzi. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni majina kuandikwa tofauti na fomu kujazwa vibaya. Chadema ilitangaza kujitoa Novemba 7, na vyama vingine vikafuata. Waziri wa Tamisemi wakati huo, Selemani Jafo, alitangaza kuwa waliochukua na kurudisha fomu waruhusiwe kugombea, lakini wapinzani walikataa kurudi. Kura ilipigwa Novemba 24, na CCM ilipata zaidi ya asilimia 99 ya vijiji, vingi vikiwa vimepita bila kupingwa.

Serikali ilisema taratibu zilifuatwa na kwamba anayejaza fomu vibaya ajilaumu. Wapinzani walisema haiwezekani wakulima wa chama kimoja wajue kuandika, na wa vyama vingine wasijue.

Novemba 27, 2024 wapinzani walishiriki, lakini malalamiko ya kuenguliwa yalirudi, safari hii yakiambatana na taarifa za vurugu na vifo vya wafuasi wa upinzani. CCM ilipata tena takriban asilimia 99 ya vijiji. Mwaka uliofuata, uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 ulifanyika bila Chadema na ukafuatiwa na ghasia na kuzimwa kwa intaneti. Wafanyabiashara waliozoea kupokea na kutuma fedha kwa simu walionja hasara ya siasa zisizoaminiana.

Jambo lenye mzizi ni nani anayesimamia. Kanuni za uchaguzi wa vijiji hutungwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na waziri ni mwanachama wa chama kinachoshindana. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 2024 imeitaja tume hiyo kama msimamizi wa uchaguzi huo, kwa utaratibu utakaowekwa na sheria itakayotungwa na Bunge. Hata hivyo, uchaguzi wa 2024 uliendeshwa na Tamisemi, kama ule wa 2014 na wa 2019.

Mbulu ya 1960

Wilaya hizi zina historia ya pekee katika suala la kupita bila kupingwa. Agosti 1960, Tanganyika ilipochagua Baraza la Kutunga Sheria lenye viti 71 vya kupigiwa kura, wagombea 58 wa TANU walipita bila mpinzani. Katika viti vilivyogombewa, TANU ilishindwa kimoja tu nchi nzima: Mbulu, ambayo wakati huo ilijumuisha Hanang na Babati.

Aliyeshinda, Herman Sarwatt, alikuwa mwanachama wa TANU mwenyewe. Alisimama kama mgombea binafsi dhidi ya mgombea rasmi wa chama, Chifu Amri Dodo, na wananchi wakamchagua. Baada ya hapo aliketi na TANU bungeni, na nchi haikupasuka. Mwaka uliofuata ikapata uhuru.

Leo Sarwatt asingeweza kugombea hata kitongoji bila kudhaminiwa na chama. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, ilisema katazo la mgombea binafsi linakiuka haki, lakini katazo limebaki. Kwa kijiji ambako watu humwamini mtu kwa shamba lake na maneno yake kuliko kadi yake, hilo linapunguza uchaguzi wa watu wafaao. Na chama kikiwa kimebaki peke yake katika karatasi, anayeamua mwenyekiti si wanakijiji tena bali kura ya maoni ndani ya chama hicho.

Mkulima afanye nini?

Kwa utaratibu wa kila miaka mitano, uchaguzi ujao wa vijiji unatarajiwa mwaka 2029. Ni muda wa kutosha kwa mwenye shamba kujipanga, na kazi nyingi haihitaji kusubiri kampeni.

Kwanza, daftari. Orodha ya wapiga kura wa kijiji si ile ya uchaguzi mkuu. Huandikishwa upya kwa wakazi. Mwaka 2024 uandikishaji ulifanyika Oktoba 11 hadi 20, siku kumi tu, wakati watu wanaandaa mashamba kungoja mvua. Asiyejiandikisha hapigi kura, hata akiwa na kadi ya mpiga kura mfukoni.

Pili, fomu. Kama mtu anafaa kuongoza, jina lake liandikwe kama lilivyo katika nyaraka zake, na fomu isomwe na zaidi ya mtu mmoja kabla ya kurudishwa. Kanuni humtaka mgombea awe na shughuli halali inayomwezesha kuishi. Mkulima asione haya kuandika kwamba ni mkulima. Akienguliwa, ipo kamati ya rufani ya wilaya, na matokeo yanaweza kupingwa Mahakama ya Wilaya. Lakini njia zote hizo zinataka nakala na ushahidi, siyo hasira.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, mkutano mkuu. Unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na humo ndimo taarifa ya mapato na matumizi husomwa. Mwenyekiti aliyepita bila kupingwa bado anawajibika kwa mkutano huo. Hawezi kugawa ardhi halali bila ridhaa yake. Wanakijiji wanaohudhuria, wanaouliza na kuhakikisha majibu yameandikwa katika muhtasari, wanakuwa na kura nne kila mwaka badala ya moja kila miaka mitano.

Kwa upande wa Serikali, deni liko wazi: Bunge litunge sheria itakayoiwezesha tume kusimamia kura ya vijiji kabla ya 2029, na makosa madogo ya fomu yawe ya kurekebishwa, siyo ya kumtupa mtu nje. Mwaka 2014 ilionekana inawezekana kumwajibisha mkurugenzi ambaye karatasi zimechelewa. Ni vigumu kueleza kwa nini fomu za maelfu zinapokataliwa asiwepo wa kuulizwa.

Mzee mwenye ng'ombe 30 huko Basotu anaweza kusema siasa hazimhusu. Lakini siku mtu mwenye trekta atakapofika na karatasi yenye muhuri wa kijiji, akidai malisho yale ni yake, swali la kwanza la mzee huyo litakuwa: nani alipiga muhuri huu, na sisi tulimchagua lini?