Nani Aliyezitia Mafuta Ndege za Smith?

Wapo askari wastaafu wa jeshi la walowezi, na waandishi wanaowashangilia, ambao hadi leo husimulia uvamizi wa Chimoio kama hadithi ya ushujaa. Husifu ujanja wa marubani. Husifu ile ndege kubwa iliyotangulizwa angani ili muungurumo wake uwapumbaze watu wa kambini. Mafuta yalitoka wapi, hawaulizi.

Asubuhi ya Novemba 23, 1977, ndege za utawala haramu wa Ian Smith ziliingia kilometa zipatazo 90 ndani ya Msumbiji na kuzishambulia kambi za ZANLA. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya Tembue. Waliouawa katika mashambulio hayo mawili walipindukia 1,000. Salisbury ikadai ni magaidi. Wapiganaji walikuwapo, na hapana haja ya kulificha jambo hilo, kwani hakuna vita vya ukombozi visivyo na wapiganaji. Lakini Chimoio palikuwa pia na hospitali na shule, na bomu halimwulizi mtoto kama amebeba bunduki au daftari.

Ndege zenyewe, Canberra, Hunter na Vampire, zilibuniwa na kuundwa Uingereza. London inaweza kujitetea kwamba Smith alikuwa nazo kabla ya kuasi mwaka 1965. Haya, na mafuta je? Rhodesia haikuwa na kisima hata kimoja. Tangu 1966 hadi 1975 manowari za Uingereza zilizunguka nje ya bandari ya Beira, ati kuzuia meli za mafuta, na dunia ikatakiwa iamini kwamba vikwazo vinatekelezwa. Kumbe mlango wa nyuma ulikuwa wazi: mafuta yalipitia Lourenço Marques, mikononi mwa kampuni tanzu za Shell na BP, na katika BP serikali ya Uingereza yenyewe ilikuwa na hisa! Ndivyo utawala ule ulivyonusurika miaka yake ya mwanzo, ukapata umri wa kufika Chimoio.

Haya si maneno ya wapinzani wa Uingereza. Yamo katika taarifa ya uchunguzi wa Bingham, iliyotolewa London Septemba 1978, iliyoonyesha kwamba wakubwa serikalini walikuwa na habari tangu 1968. Hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani. Mwezi uliofuata, Oktoba 19, ndege zile zile ziliishambulia kambi ya ZAPU karibu na Lusaka, huku rubani akiuamuru mnara wa uwanja wa ndege wa Zambia usiruhusu ndege yoyote kuruka.