Kodi mtumie mwenye nyumba, dalali mpe chake

Mwalimu mmoja wa Mombasa alipata uhamisho wa kwenda kufundisha kisiwani Lamu. Hakuwa na jamaa huko. Akauliza kwenye kundi la WhatsApp, akapewa nambari ya dalali. Siku hiyo hiyo dalali akamrushia picha: mlango wa nakshi, kiwanda chenye maua, zidaka ukutani. Nyumba iko Mkomani, mtaa wa kati kabisa. Kodi 12,000, dipoziti 12,000, ada ya dalali 3,000. Jumla 27,000.

"Mwalimu, kuna watu wawili wanaitaka. Ukichelewa usinilaumu."

Akatuma. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Alipouliza, akaambiwa, "Huyo ni mke wangu, laini yangu imefika kikomo leo." Akaamini.

Jumamosi akapanda basi na vyombo vyake mpaka Mokowe, akavuka kwa boti, akakodi punda watatu pale gatini. Nyumba akaipata, na mlango ni ule ule wa kwenye picha. Barazani ameketi mzee. Wakaamkiana, kisha mzee akamwambia kwa upole, "Nyumba hini ni ya warithi, mwanangu. Haipangishwi." Dalali kumpigia, simu imezimwa. Punda wamesimama na magodoro mgongoni, watu wanapita wanatazama. Usiku ule alilala kwa mwalimu mwenzake Langoni.

Haya alitusimulia mwenyewe kwenye mafunzo yetu ya wateja, na swali lake lilikuwa moja tu: "Mbona hamkunirudishia pesa yangu?" Ni swali la haki, na nitalijibu. Ila kwanza niseme maoni yangu, maana naona watu wengi wanapokwenda kutafuta nyumba wanauliza swali lisilo lenyewe. Wanauliza, "Nitampata wapi dalali mwaminifu?" Uaminifu wa mtu usiyemjua huwezi kuupima kwa simu. Swali la kuuliza ni hili: pesa yangu ya kodi inakwenda kwa nani?

Si kila dalali ni mwizi

Baada ya kisa kama hicho, watu husema madalali wote ni matapeli. Mimi sikubali. Lamu bila dalali utazunguka vichochoro mpaka viatu viishe. Nyumba nyingi hazina tangazo mlangoni. Mwenye nyumba yuko Mombasa au Ughaibuni, funguo ziko kwa shangazi yake mtaa wa tatu. Anayejua hayo yote ni dalali, na kujua ndiyo kazi yake. Anastahili kulipwa.

Basi mbona wengi wao, hata walio wazuri, wanamficha mwenye nyumba? Jibu si siri: wanaogopa kurukwa. Dalali anatembea na mteja siku mbili juani, anamfikisha kwa mwenye nyumba, kisha wale wawili wanapeana nambari na kumaliza mambo wenyewe. Dalali anaambulia vumbi. Kesho yake akipata mteja mwingine, anasema, "Pesa zote pitisha kwangu." Sasa dalali mzuri na tapeli wanazungumza maneno yale yale, na wewe huna njia ya kuwatofautisha.

Kwa hiyo nasema wazi: tunaomruka dalali ndio tunaompa tapeli pa kujifichia. Dawa yake ni nyepesi. Kabla hujaona nyumba hata moja, kubalianeni ada ya dalali, kisha umwandikie ujumbe: "Nikichukua nyumba utakayonionyesha, nitakulipa shilingi kadhaa siku nitakayopewa funguo." Ujumbe huo ni ushahidi wake, hata wewe ukitaka kumruka. Akishaupata, hana tena sababu ya kumficha mwenye nyumba. Akiendelea kumficha, umeshapata jibu lako. Agana naye kwa heri.

Nyumba ya Lamu ina wenyewe wengi

Hapa ndipo wageni wengi wanapojikwaa. Mji wa Kale wa Lamu, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni mji wa nyumba za kurithi. Nyumba moja inaweza kuwa ya ndugu sita, mmoja Lamu, wawili Mombasa, waliobaki ng'ambo. Mmoja akikupangisha bila wenzake kujua, unaweza kulipa miezi mitatu kisha ukabishiwa hodi na ndugu wa pili anayedai kodi yake. Nyumba nyingine ni wakfu, na mwenye idhini ya kuipangisha ni msimamizi wa wakfu, si jirani mwenye ufunguo. Nyingine, hasa kule Shela, ni za watu wanaokuja msimu mmoja kwa mwaka. Mwangalizi anabaki nazo, na si kila mwangalizi ameruhusiwa kuweka mpangaji.

Kwa hiyo usiishie kuuliza "mwenye nyumba nani?" Uliza pia, "Kodi ya nyumba hii hupokewa na nani?" Muulize dalali, kisha nenda ukawaulize waliokaa barazani jioni. Watu wa mtaa wanajua. Muulize na mpangaji aliyetoka, kama yupo: alikuwa akimtumia nani, na mbona amehama? Majibu yakigongana, weka simu mfukoni kwanza.

Kama uko mbali na huwezi kuja, tafuta mtu wa kukuonea: mfanyakazi mwenzako mtarajiwa, mtu wa kwenu, hata mwenye duka la jirani. Picha peke yake si kitu, maana picha za nyumba za wageni zimejaa mtandaoni na yeyote anaweza kuzichukua. Simu ya video ni afadhali. Mwambie dalali afungue bomba ulione linatoka maji, kisha atoke nje na simu akuonyeshe kichochoro. Lakini hata video haitoshi, kwa sababu tapeli anaweza kukodi chumba kwa siku moja akakionyesha kwa watu kumi. Jicho la mtu wako na neno la jirani ndiyo kinga.

Sheria inasemaje?

Kenya tuna sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi, Sura ya 533. Kwa sheria hiyo, mtu anayefanya kazi ya kuwauzia au kuwapangishia wengine nyumba zao anatakiwa awe amesajiliwa na bodi ya mawakala. Ukimpata aliyesajiliwa, muulize cheti chake, kisha ulinganishe jina na orodha ya bodi yenyewe. Usione haya, kuuliza si ujinga.

Lakini tuseme kweli. Anayekutafutia chumba Langoni, Matondoni au Faza mara nyingi ni kijana anayejulikana mtaani, hana cheti wala ofisi. Kwa huyo, kinga yako kubwa ni namna utakavyolipa. Mimi ningefuata utaratibu huu:

1. Ada ya dalali ikubaliwe mapema kwa ujumbe wa maandishi. Pesa ya nauli ya boti au ya kuzungushwa, kama ipo, iwe ndogo na ijulikane mwanzoni.
2. Nyumba ionekane, na mwenye nyumba au anayemwakilisha mzungumze naye, ana kwa ana au kwa simu.
3. Mkataba uandikwe, hata ukurasa mmoja: jina, nambari ya kitambulisho, kodi, dipoziti na masharti ya kuirudisha.
4. Kodi na dipoziti zitumwe kwenye nambari yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba. Lisome jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Likiwa jingine, simama. "Huyo ni mke wangu", "huyo ni kaka yangu": ngoja mpaka liandikwe kwenye mkataba na mwenye nyumba aridhie.
5. Ukishashika funguo, mtumie dalali ada yake, kwenye nambari yake mwenyewe. Usimcheleweshe.

Jumbe zote za malipo zihifadhi, usizifute. Ndiyo risiti zako.

Mbona pesa haikurudi?

Sasa nijibu swali la mwalimu. Huduma ya kurudisha pesa ni ya mtu aliyekosea nambari. Ukituma kwa asiyestahili, ukatujulisha haraka na pesa ikawa bado imo, kuna la kufanya. Lakini mwalimu hakukosea nambari. Alituma kwa nambari aliyoikusudia, kwa hiari yake, na pesa ikatolewa kwa wakala saa hiyo hiyo. Tukisema tutaichomoa pesa kwenye simu ya kila anayelalamikiwa, kesho mpangaji mjanja ataingia nyumbani, kisha aseme ametapeliwa ili arudishiwe kodi. Mwenye nyumba naye angelia.

Najua jibu hilo halimfariji aliyepoteza 27,000. Kwa hiyo likikupata, usikae kimya kwa aibu. Tupigie mara moja hata kama unadhani umechelewa, kisha nenda kituo cha polisi na ule ujumbe wa malipo. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na nambari iliyotumika imesajiliwa kwa jina la mtu.

Mwalimu yule sasa anakaa Langoni. Nyumba alipatiwa na dalali mwingine, ambaye kabla ya kutaja pesa alimpeleka kwa mama mwenye nyumba. Wakaketi, wakaandika karatasi yao, akalipa kodi kwa simu pale pale, na mama akasoma ujumbe kwa sauti. Dalali aliletewa 3,000 yake kabla hawajatoka mlangoni. Mwalimu anasema mwezi uliopita amemtumia wateja wawili.

Unapohama, simu yako inaweza kulipa kwa sekunde chache. Miguu yako ndiyo iende kwanza. Na nambari yako ya siri, usimpe mtu yeyote: si dalali, si mwenye nyumba, hata sisi tusiijue.