Maji ya paa: mfereji kwanza, tanki baadaye

Kila mara mvua kubwa inaponyesha Bunia, tunaona jambo lile lile. Maji yanashuka juu ya mabati kwa kelele, yanachimba udongo chini ya ukuta, yanapita katika parseli ya jirani, yanaingia barabarani na kupotea kuelekea mto Nyamukau. Kesho yake asubuhi, bamama na batoto wa parseli ile ile wanabeba bido za njano na kwenda kupanga mstari kwenye chemchemi. Maji yalikuja mpaka mlangoni, sisi tukayaacha yaende.

Hatusemi hivi ili kumcheka mtu. Wala hatusemi ili Leta ipumue. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Robine za Regideso hazifiki kila kartie, na pale zinapofika, si kila siku maji yanatoka. Deni hilo liko, na tutaendelea kulidai. Lakini mtoto mwenye kiu hangojei mradi uishe. Wakati tunadai, tuangalie kile ambacho tayari kiko juu ya vichwa vyetu.

Watu wengi wanatuambia: "Tanki ni mambo ya matajiri." Tunaelewa kwa nini. Wanaona yale matanki makubwa meusi ya plastiki yanayotoka Uganda, yamesimama ndani ya nyua za mashirika na za hoteli, na wanaona bei yake haiwahusu. Ndiyo maana tunasema: tuanze na mfereji. Bila mfereji, hata tanki ya lita 10,000 itabaki tupu. Ukiwa na mfereji, hata pipa moja lililooshwa vizuri linajaa kwa mvua moja.

Hesabu yenyewe haihitaji injinia. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita mraba 1 inatoa lita 1 ya maji. Chukua nyumba ya mita 8 kwa 6: paa lake lina mita mraba 48. Mvua ya milimita 20, ambayo si jambo la ajabu hapa kwetu, inaleta lita 960. Toa sehemu moja kati ya tano kwa yale yanayoruka nje na yanayovuja. Bado unabaki na zaidi ya lita 760, ndiyo kusema bido 38 za lita 20. Nani kati yetu amewahi kubeba bido 38 kwa siku moja?

Sasa ukubwa wa tanki. Hapa ndipo watu wanapoteza feza. Wanauliza "kubwa zaidi ni bei gani?" kabla ya kujiuliza "maji haya ni ya kazi gani?" Familia ya watu 8 inayotaka maji ya kunywa na kupika tu, lita 5 kwa kila mtu, inatumia lita 40 kwa siku, sawa na bido 2. Tanki ya lita 1,000 iliyojaa itawafikisha siku 25. Katika miezi ya mvua inatosha sana, kwa sababu inajazwa tena na tena. Kuanzia Desemba mpaka Februari, mvua inapopungua, siku 90 za kunywa na kupika zinadai lita 3,600. Anayetaka kuoga, kufua na kuosha vyombo kwa maji hayo hayo atahitaji mara nne zaidi. Basi aliye na feza kidogo achague: maji ya paa yawe ya jikoni, na ya kufulia yaendelee kutoka kwingine.

Brazili walifikiri hivyo hivyo. Katika sehemu kame za kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, tangu mwaka 2003, familia za vijijini zimejengewa matanki ya saruji ya lita 16,000, yaliyopimwa kwa ajili ya kunywa na kupika katika miezi ya ukame. Wajenzi wengi walikuwa mafundi wa vijiji hivyo hivyo. Sisi hatuna ukame wa namna hiyo. Mvua yetu inapita milimita 1,000 kwa mwaka. Kinachokosekana si maji ya mbinguni.

Kwa kuweka, tunaomba mambo machache yasisahauliwe. Lita 1,000 zina uzito wa kilo 1,000. Usiweke tanki juu ya mbao au juu ya udongo uliojazwa jana. Jenga msingi wa mawe au matofali na sima, wa kimo cha nusu mita ili bido ikae vizuri chini ya robine. Robine iwe juu kidogo ya sakafu ya tanki, uchafu ubaki chini. Mfereji uinamishwe sentimita 1 kwa kila mita. Tanki iwe mbali na choo, tena maji yanayozidi yapewe njia yake: yaende kwenye bustani au kwenye shimo lenye mawe, si kwa choo wala kwa jirani. Ugomvi mwingi wa parseli tunaousikia unaanza na maji ya paa la mtu kuangukia ukuta wa mwingine.

Maji ya kwanza ya mvua yasiingie ndani. Yanaosha vumbi, majani na mavi ya ndege. Fundi anaweza kuweka tiyo iliyosimama wima, imezibwa chini kwa kifuniko cha kufungua, ambayo inajaa kwanza kabla ya tanki. Tiyo yenye upana wa sentimita 10 inabeba karibu lita 8 kila mita. Mita 3 zinatosha kwa ile nyumba yetu ya mfano. Mvua ikikatika, unaifungua na kuimwaga. Juu ya tanki weka wavu mdogo, mbu wasizae humo. Tanki iwe nyeusi au ifunikwe, mwanga usiingie na kuleta ukijani. Hata hivyo, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kama karatasi ya dawa inavyosema. Jimbo letu linajua kipindupindu. Hatuna sababu ya kukichezea.

Lakini swali gumu si la fundi. Ni hili: nani alipe? Wengi katika mji huu wanakaa nyumba za kupanga. Lokateri anasema: "Niweke mfereji kwa nyumba ya mtu, kesho anitoe?" Mwenye nyumba anasema: "Mimi sikunywi maji ile, ni wao wanakunywa." Hivyo miaka inapita, na kila mvua inapotea.

Sisi tunaona jambo hili liko wazi. Mfereji ni sehemu ya nyumba, kama mlango na dirisha. Ni wa mwenye nyumba. Unalinda pia ukuta wake na msingi wake, ambao maji yanautafuna kila msimu. Mwenye kudai garansi ya miezi kadhaa kabla ya kutoa ufunguo hawezi kusema amekosa feza ya mabati machache yaliyokunjwa. Tanki ya plastiki inaweza kuwa ya lokateri, kwa sababu anaweza kuhama nayo. Na kama lokateri ndiye anatangulia kununua mfereji, waandike karatasi, shefu wa avenyi atie sahihi, na feza hiyo ikatwe kwenye kodi. Karatasi moja inazuia maneno mengi.

Wako pia wasio na bati kabisa. Ndugu zetu waliokimbia Djugu na Irumu, wanaolala chini ya hema, hawawezi kuweka mfereji juu ya plastiki. Kwao tunageukia makanisa, misikiti na shule. Paa la mita 20 kwa 10 linapokea lita 4,000 kwa mvua ile ile ya milimita 20. Majengo hayo tunayo karibu katika kila kartie, na mengi yanaacha maji hayo yatengeneze mabonde barabarani. Kabla ya kununua vyombo vipya vya muziki, kamati ziangalie ukingo wa paa.

Kwa meri tunaomba jambo moja lisilohitaji bajeti kubwa: mtu anapoomba ruhusa ya kujenga nyumba ya kupangisha, mfereji uwepo kwenye mchoro. Kisiwa cha Bermuda, kisicho na mto, kimeweka kwa sheria kwamba nyumba zivune maji ya paa. Sisi wenye mto na mvua tunaweza angalau kuanza na nyumba mpya.

Mwenye nyumba anayesoma ukurasa huu, msimu ujao wa mvua usikukute bila mfereji. Na lokateri, mpelekee gazeti.